Wenzake Wawili Hawajafika

Kwa nini Mwalimu wa Shamba aliandika jina langu? Swali hilo liliniondolea usingizi zaidi ya wiki nzima. Nililala nalo, nikaamka nalo, na mchana nilipokaa barazani kwetu, mama akisuka ukili, niliendelea kuligeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tobo kwenye shati.

"Unawaza mpaka uji unaganda," mama alisema. "Kunywa kwanza, uwaze baadaye. Mawazo hayapoi."

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nimemaliza masomo katika shule ya serikali ya mjini kwetu, nina mwandiko mzuri na hesabu za kugawanya, na nilitarajia kazi ya ukarani forodhani. Badala yake niliitwa bomani. Bwana Shauri, Mdachi aliyekuwa na usemi wa mwisho juu yetu sote, alikuwa na bunda la karatasi mezani. Akasema Mwalimu wa Shamba amezeeka na anaugua, na serikali imenichagua mimi nishike nafasi yake.

"Kwa nini mimi, bwana?"

"Kwa sababu wewe ndiye mwanafunzi pekee aliyependa kilimo. Mwalimu mwenyewe ameandika. Mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, jina ni lako." Akagonga karatasi kwa kidole. "Sivyo?"

Mimi nikiulizwa jambo kwa ghafla, hupitia kwanza majibu yote yanayowezekana, na nikifika mwisho, aliyeuliza huwa ameshachoka kungoja. Bwana Shauri aliuhesabu ukimya wangu kuwa ni ndiyo. Akanipa karatasi yenye mistari sita mitupu. Kabla sijaanza kazi, nijaze humo majina ya wavulana sita watakaokubali kwa hiari yao kupelekwa shule ya pamba ya serikali, kaskazini, mbali kupita Kilwa. Alinipa siku kumi na nne.

Nilijua mwandiko wa zile karatasi. Na nilijua kwamba katika maisha yangu sikuwahi kumwambia mtu yeyote kuwa napenda jembe. Nikikataa na kusema hivyo, Mwalimu atakuwa amelidanganya boma miaka yote. Watu walikuwa wakilazwa chini kwa uongo mdogo kuliko huo, wakapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na mgongo wa mzee yule haukuweza kuhimili hata vitano. Nikikubali, itanibidi niende kwa akina mama sita, ambao vita na njaa viliwabakishia mtoto mmoja mmoja, niwaambie wanipe huyo aliyebaki. Kila nilipoelekea upande mmoja, niliuona wa pili una nafuu.

Sasa nimweleze mtu huyu, kwa kadiri nilivyomjua.

Alikozaliwa sikujui, wala sikumsikia akitaja ukoo wake. Mjini kwetu, ambako mgeni huulizwa babu yake kabla hajapewa mkeka, jambo hilo lilitosha watu kumtazama kwa pembeni. Wengine walimfanya mtu wa Kilwa, wengine Mmwera wa Rondo. Akiulizwa, alisema anatoka alikolala jana. Sote tulimwita Mwalimu wa Shamba, na jina hilo lilikuwa na kicheko ndani yake, kwani kwa watu wa mjini shamba halikuwa jambo la kuwekewa mwalimu. Jembe lilikuwa kazi ya watumwa, na hata familia kama yetu, ambayo haikuwahi kumiliki mtu wala mbuzi, ilijiona imetukanwa ikiambiwa ilime.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na sanduku la bati lenye picha za serikali, likilia kengele-kengele mgongoni mwake tangu mwisho wa njia. Alitembea peku, kanzu ameikunja kiunoni, viatu vinaning'inia begani kwa kamba. Akifika langoni kwa shule alikaa juu ya jiwe, akajifuta miguu kwa majani, akavaa viatu, akaingia kwa hatua za taabu kama mtu anayekanyaga mbigili. Akitoka, alivivua pale pale.

"Viatu ni vya serikali, miguu ni yangu," alitueleza. "Nikivimaliza vile hawatanipa vingine."

Serikali ilikuwa imepanga walimu wa shamba watatu. Mmoja akae Kilwa, wa pili Lindi, wa tatu apande juu mpaka Rondo, kila mmoja na punda wake, wapite shuleni wakiwaeleza vijana kwamba kilimo ni kazi ya mtu aliyesoma, kama ukarani au ualimu. Fedha zilitosha mtu mmoja na punda mmoja. Punda aliumwa na mbung'o msimu wa kwanza, akafa njiani, na Mwalimu akaendelea kwa miguu katika nchi yote ya watu watatu. Ilimchukua karibu mwaka kuimaliza, na alipoimaliza ilikuwa wakati wa kuanza upya.

Hakulalamika. Alikuwa na namna yake. Mtu akimuuliza mbona amechelewa, au mbona hakuleta majembe yaliyoahidiwa, alitazama njia aliyojia, akasema, "Wale wenzangu wawili hawajafika bado. Labda kesho." Mwanzoni tulidhani wapo kweli. Kuna siku tulipanda ukutani kuwachungulia. Baadaye tukaelewa, ikawa ndiyo salamu yetu kwake: "Shikamoo, Mwalimu, wenzako je?" Naye anaitikia marahaba kwa uso usiocheka hata kidogo, anasema labda kesho.

Mimi aliniita Lakini. Kila alipomaliza kusema, mkono wangu ulikuwa juu. "Lakini, Mwalimu, mvua ikikosa?" "Lakini, Mwalimu, panya je?" Siku moja alisimama katikati ya somo akasema, "Nasikia kimya. Lakini yuko wapi leo, anaumwa?" Darasa zima likacheka, nami nikakaa siku tatu nikiwaza kama alinikejeli au alinikumbuka.

Kuhusu zile picha, lazima niseme ukweli, kwa sababu ndizo zilizonifanya nimwamini. Zilikuwa za mashamba ya Udachi. Ng'ombe mkubwa kama kibanda. Mtu mwenye ndevu amesimama kando ya mashine. Na moja ilionyesha nchi nzima nyeupe, mashamba meupe, mapaa meupe, miti imebeba weupe.

"Mwalimu, yote hiyo ni pamba?" mmoja wetu aliuliza.

Akaisogeza picha karibu na macho. "Naam," akasema. "Pamba. Mnaona wenzenu wanavyolima? Imepanda mpaka kwenye mapaa."

Tulishangaa sana. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama, naye akasema maskini, nani atawapalilia hao. Miezi ikapita, Mwalimu akarudi. Kabla hata ya kufungua sanduku alivua tarbushi yake nyekundu, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta alichokiandika humo, akaivaa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake jambo likimwelemea.

"Ile picha," akasema, "nilikosea. Nimeulizia bomani. Si pamba. Ni maji yaliyoganda kwa baridi, yanaanguka toka juu. Msimu huo hakuna kinachoota kwao. Wanakaa ndani. Nimekuja kuwaambia msije mkaishi na uongo wangu."

Sikuwahi kumwona mwalimu mwingine akirudi kusema alikosea. Ndiyo maana jina langu katika karatasi zake liliniuma zaidi. Mtu aliyetembea siku nyingi kurekebisha habari ya weupe wa kwenye picha, aliwezaje kuandika uongo juu yangu mwaka baada ya mwaka?

Shuleni kwetu palikuwa na shamba dogo, naye alilipenda, na shule ikalifanya kuwa gereza. Aliyekosa hesabu alipelekwa kulima. Aliyechelewa, kulima. Aliyepigana, kulima na viboko juu yake. Mwalimu wa Shamba alikuja, akasimama mbele ya watoto wale wale ambao jana yake walishika jembe wakilia, akawaambia kwamba jembe ni heshima. Tulimtazama tu. Aliomba mara nyingi adhabu ile ibadilishwe. Alisema jambo hilo halihitaji fedha wala mtu wa ziada, ni kauli moja tu. Mkuu wa shule alimjibu kwamba shamba lazima lilimwe na vibarua hawana fungu la fedha. Mwalimu akatazama ndani ya tarbushi.

Na yeye mwenyewe hakuwa mlimaji wa kupigiwa mfano. Mistari yake ilipinda. Alichukia udongo kwenye kucha, akawa ananawa muda mrefu, anasugua kidole kimoja kimoja kwa mchanga laini. Alihubiri pamba kutoka Kivinje mpaka Rondo, lakini uani kwake Mingoyo hapakuwa na mche hata mmoja wa pamba. Palikuwa na mtama, mhogo, kunde, na ufuta kidogo.

"Lakini, Mwalimu," nilimuuliza, "mbona kwako hupandi pamba?"

"Wewe mtoto, pamba unailaje?"

Alikuwa ameikariri hotuba ya serikali neno kwa neno, naye aliitoa kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Akishaimaliza, sauti yake ilibadilika, akaanza kuuliza mambo. Nakumbuka mwaka mmoja kabla ya vita, darasa letu zima lilipelekwa Mingoyo siku ya soko, tusimame mistari miwili tukiwa na majembe mapya mabegani, wazazi waone kazi ilivyo nzuri. Mwalimu alitoa hotuba. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo akasema bila kuinuka:

"Mwalimu, huyu wangu anajua kulima tangu ana miaka mitano. Nimemleta kwenu mmfundishe asilime."

Soko lote lilicheka, na Mwalimu akacheka kuliko wote. Ndipo mzee mmoja wa upande wa bara akasimama, na huyo hakuwa akicheka.

"Siku anazotuita jumbe wa serikali nalima pamba ya Mdachi," alisema. "Siku zangu zikifika, majani shambani kwangu yamenifika kiunoni. Nalipwa cha kununua chumvi. Hiyo ndiyo kazi unayomtafutia mwanangu?"

Mwalimu alivua tarbushi, akatazama ndani, akavaa. "Nimetumwa niseme, na nimesema," akajibu polepole. "Sasa keti, mzee wangu, niambie habari ya mtama wako. Nasikia mwaka huu wadudu wameingia shinani." Wakaketi, na waliongea mpaka soko likavunjika, nasi tumesimama juani na majembe yetu.

Kosa nililomtendea mimi lilitokea baada ya safari ile. Tuliletewa mbegu za pamba za shamba la shule, gunia zima. Mvulana mmoja mkubwa akasema mbegu zikiota, tutapalilia mpaka tukome, na zikikataa, tutaachiwa mapumziko. Tukazipeleka jikoni kwa shule, tukazichemsha katika sufuria mbili, tukazianika, tukazipanda kwa mistari iliyonyooka kuliko siku zote. Mvua ikanyesha. Hakuna kilichoota. Wenzangu walifurahi wakaenda kucheza. Mimi nilishindwa kula. Niliwaza kwamba Mwalimu atafukuzwa, kwamba mwenzangu atakamatwa anitaje, kwamba mbegu zile zilisafiri baharini toka mbali na sisi tumeziua.

Alipokuja, nilimfuata shambani nikamwambia yote, nikilia.

Alichimbua mbegu moja, akaipasua kwa ukucha. "Nilijua tangu nilipofika," akasema. "Mbegu iliyooza na iliyopikwa hazinuki sawa. Mlitia chumvi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Afadhali. Mngeniharibia udongo."

Akaliandikia boma kwamba ardhi haikukubali. Kisha akatoa mtama kutoka mfukoni mwake, akaupanda juu ya mistari yetu ile iliyonyooka, na mwaka ule shule ilikula uji wa mtama, na hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Vita ilianza huko Umatumbi, upande wa Kilwa, watu walipong'oa pamba ya serikali. Habari ya dawa ya maji ikashuka mpaka kwetu, kwamba risasi zitageuka matone. Sisi tulifungiwa shuleni. Mwalimu alikuwa njiani kwenda Rondo, na mbegu. Aliyoyakuta huko alinisimulia mimi peke yangu, miaka baadaye, na bomani hayakufika.

Watu wenye maji walimzuia njiani. Wapagazi aliopewa kubeba mbegu walikuwa wamekwisha kimbia.

"Wakaniuliza nimebeba nini. Nikasema mbegu. 'Mbegu gani?' Nikasema ile mnayoijua. Mmoja akataka kunichoma nayo pamoja. Mwingine akasema zimwagwe mtoni. Nikaona nakufa, na bado watu wanataka kufanya kazi ovyo. Nikawaambia, mkizimwaga mtoni zitaota ukingoni, na mwakani jumbe atawaleta pale pale kupalilia. Zichemsheni. Wakatazamana. 'Nani kakufundisha?' Nikasema wanafunzi wangu. Walicheka, Lakini, walicheka mpaka wakaweka silaha chini. Nikawasha moto mwenyewe. Nimepika mzigo mzima mpaka jua la utosi, wao wananiletea kuni. Wakachukua tarbushi, wakaniacha niende."

Nilidhani habari imekwisha. Baadaye kidogo akasema, "Wawili kati yao nilikuwa nawajua. Mmoja ni yule mzee wa soko la Mingoyo. Hakurudi."

Baba yangu naye hakurudi. Alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, na hatukuletewa hata habari ya mahali. Askari walichoma mtama mashambani na maghalani, nchi ya bara ikawa na njaa ambayo sitaieleza, kwa sababu kila aliyeiona ameshaieleza, na haijapungua. Mwalimu wa Shamba aliikuta njia ya Rondo ina vijiji visivyo na moshi.

Mbegu yake ya mtama aliitunza kama watu wa bara wanavyotunza: masuke yaliyochaguliwa, yamefungwa mafungu na kuning'inizwa juu ya meko, moshi uyapite mwaka mzima, mdudu asiyasogelee. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto hujua tangu mdogo kwamba kilicho juu ya moto si chakula. Mwalimu aliyashusha yote. Akapita nyumba kwa nyumba akigawa suke moja moja, akisema pandeni, msile. Walikula. Alijua kwamba wanakula, kwa sababu alirudi mara ya pili na mara ya tatu akiwa na masuke mengine, na kila mara alisema maneno yale yale kana kwamba hayajasemwa.

"Lakini, Mwalimu, mbona huwagombezi?"

"Utamwelezaje mwenye njaa habari za mvua zijazo? Anakula suke la kwanza, anakula la pili, la tatu anapata nguvu ya kushika jembe. Mimi nilihesabu matatu."

Katika siku zile zile boma lilikuwa likituma tarishi kumdai taarifa: ni wanafunzi wangapi msimu huu wamevutiwa na kazi ya kilimo? Taja majina.

Siku ya kumi na mbili ya siku zangu kumi na nne, niliiweka karatasi kwenye mfuko wa kanzu nikaenda Mingoyo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, masuke ya mtama yamemzunguka. Alikuwa amekonda, na alikohoa kabla ya kila neno kama mtu anayebisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeleta tumbaku?"

"Sikukumbuka."

"Umekumbuka mengine yote, ukasahau tumbaku. Keti."

Nikampa karatasi. Aliishika mbali na uso, akahesabu mistari kwa ncha ya kidole.

"Sita? Mimi walinipa kumi."

"Mwalimu, uliandika jina langu."

"Niliandika."

"Kila mwaka."

"Kila mwaka." Akakohoa. "Mwaka wa kwanza niliandika hakuna. Wakaniita. Wakasema kama hakuna anayependa, basi hakuna haja ya mwalimu, wala ya mbegu, wala ya cheti cha kupita vijijini. Nikafikiri, nikikosa cheti, nani atapanda Rondo? Mwaka wa pili nikaandika mmoja."

"Kwa nini mimi?"

"Wenzako walichemsha mbegu wakaenda kucheza. Wewe ulichemsha ukaja kwangu unalia. Nikasema, huyu hawezi kuniharibia kazi bila kuja kuniambia kwanza." Akanitazama. "Na kweli, si umekuja?"

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya kwanza mpaka ya mwisho, na sasa nikajaribu la kwanza.

"Lakini mimi sikuwahi kupenda..."

"Najua. Nilidhani karatasi zile wanazitia sandukuni. Nani angejua kwamba Mdachi anasoma?"

"Nikisema kweli, watakupiga."

"Watanipiga."

"Nikileta wavulana sita..."

"Mama zao watakupiga wewe."

"Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Alivua kofia. Ilikuwa kofia ya kawaida ya kushona, tarbushi mpya aliyopewa baada ya vita alikwisha kuirudisha bomani. Akatazama ndani, akaivaa. "Mimi nimechoka, mwanangu. Aliyechoka usimuulize njia, atakuambia lala hapa hapa. Nipe hayo masuke, unichagulie. Macho yangu hayaoni madoa siku hizi."

Basi nikachagua. Suke lililoshikamana, si lile lililotawanyika. Punje nzito, isiyo na doa jeusi mdomoni. Unasugua moja kiganjani, unaipuliza, unaiuma, unasikia inavyokataa. Zuri kulia, la kula kushoto. Alisinzia. Nilisikia kuku, nilisikia mtu akitwanga nyumba ya pili. Jua lilihama mgongoni likanijia begani, na adhana ya alasiri iliponishtua niliona kwamba lundo limekwisha, na kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimewaza chochote. Sikumbuki kama jambo hilo liliwahi kunitokea tangu nizaliwe.

Aliamka, akapitisha mkono kwenye fungu la kulia, suke moja moja. Nilimtazama kwa hofu kuliko nilivyomtazama Bwana Shauri. Hakutoa hata moja. Akaanza kuyafunga mafungu kwa kamba ya mgomba.

Nilipoaga nilimuuliza, kama tulivyozoea, "Wenzako je, Mwalimu?"

"Hawajafika bado," akasema, na safari hii hakuitazama njia. "Labda kesho."

Njia nzima ya kurudi niliwaza, sitadanganya kwamba siku moja ilinigeuza mtu mwingine. Niliwaza forodha, ambako kuna kivuli na kiti. Niliwaza mgongo wake. Niliwaza nikishika kazi hii nitakuwa sauti ya serikali ileile iliyompoteza baba, nitasimama sokoni kusoma barua ya mwingine, na mama wa mihogo atanicheka. Niliwaza pia nani atakayepita nyumba kwa nyumba mvua zikikosa, cheti kikiwa mikononi mwa mtu asiyejua kuhesabu masuke matatu.

Asubuhi mama aliniangalia. "Umeamua?"

"Nimeamua."

"Basi kunywa uji ungali moto." Nikaunywa, ukaniunguza ulimi.

Bomani niliomba kalamu. Niliiweka karatasi juu ya meza ya Bwana Shauri, nikaandika kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko mzuri nilioutunzia forodha, jina langu. Nikamrudishia.

Akasoma, akageuza nyuma, akarudi mbele. "Hili ni jina lako."

"Ndiyo, bwana."

"Nilisema sita."

"Mmoja anapenda, bwana. Ni yule yule aliyeandikwa miaka yote. Mwalimu alisema kweli." Nikaweka kalamu chini. "Wengine watano hawajafika bado."

"Watafika lini?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi ulioungua, nikaogopa kulitoa. Bwana Shauri akatazama dirishani, kisha bunda la karatasi, ambalo lilikuwa refu. Nadhani naye alikuwa amechoka, kwa namna yake.

"Huwezi kuwa mwalimu na mwanafunzi. Utakuwa mwalimu," akasema. "Na hakuna fungu la mtu wa pili. Wala la punda." Akaitia karatasi kati ya zile nyingine, zile zenye mwandiko wa Mwalimu, akapiga muhuri cheti changu cha kupita vijijini.

"Bwana, kuna jambo moja lisilo na gharama," nikasema. "Watoto wa shule wasipelekwe shambani kwa adhabu."

"Leta maombi kwa maandishi."

Niliyaandika pale pale, nimesimama, nikayaacha mezani. Stoo walinipa tarbushi, sanduku la bati, na viatu. Nilivivaa mpaka nje ya lango la boma. Hapo nikavivua, nikavifunga kamba, nikavining'iniza begani, nikapitia sokoni, kisha nikashika njia ya Mingoyo. Safari hii nilikumbuka tumbaku.